Fundi Revokatus na Mawe ya Mahekalu

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, 2025, Revokatus Cyubahiro anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya mawe hapa Louisville, Marekani, kwa miaka kumi na sita. Alitaka afikishe ishirini. Mapafu yamekataa.

Alikuja mwaka 2008 na mkewe Delfina kutoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Mwaka mmoja alipakia maboksi ghalani, kisha akaajiriwa hapa kushusha makontena ya mawe ya mahekalu ya Kihindu, yanayochongwa India. Fundi mkuu wakati huo, Mzee Murugesan, Mtamili, alimkuta akipapasa jiwe lililochongwa tembo. Siku hiyohiyo alimtoa kwenye foklifti akaanza kumfundisha kupanga mawe. Kila jiwe lina namba yake, na linakaa juu ya mwenzake bila saruji, kwa uzito wake tu. Revokatus alizishika namba zile kwa Kitamili mpaka akawa anahesabu nazo viti parokiani. Padri alidhani ananena kwa lugha.

Hekalu la kwanza alilolisimamia mwenyewe liko Columbus. Miezi saba alilala kwa dada yake Zita, kule Whitehall, pembeni mwa mji huo, na Zita hakufurahi.

"Wewe Mkatoliki, unawajengea watu miungu yao?"

"Dada, nusu ya maisha yangu nimelala chini ya turubai. Leo napewa kazi ya kusimama miaka elfu, niikatae?"

Zita mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Siku ya ufunguzi alikwenda, akavua viatu mlangoni kama wengine.

Hiyo miaka elfu Revokatus hakuitoa hewani. Murugesan alizaliwa karibu na Thanjavur, kusini mwa India, penye hekalu la mawe lililojengwa na mfalme wa Chola zaidi ya miaka elfu iliyopita, na bado limesimama. Wakati wa chakula alimwonyesha picha za ule mnara na za fahali wa jiwe aliyelala mbele yake. Wakaahidiana kwenda pamoja. Murugesan alifariki mwaka 2021. Revokatus akasema basi atakwenda peke yake, apapase jiwe moja tu la chini, arudi. Akapata uraia, akapata pasipoti na viza. Safari ilipangwa iwe Februari mwaka huu.

Januari daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake. Vumbi la mawe. Miaka mingi tulikata na kusaga tukiwa na barakoa za karatasi; maji ya kutuliza vumbi yaliletwa baada ya watatu wetu kuugua. Akakatazwa kupanda ndege. Delfina anasema pasipoti aliitia kwenye droo ya vijiko na hakutaka kuulizwa.

Agosti tulikuwa tunamaliza hekalu la North Buffalo. Aliomba aende, nikamwendesha mimi, mtungi wa oksijeni ukiwa katikati ya miguu yake. Kupanda jukwaa hakuweza. Alikaa kwenye kiti chini, akatazama kreni ikishusha jiwe la kileleni. Jiwe likakaa mshazari, upana wa kidole. Tulikuwa kumi pale na hatukuona. Yeye aliona. Aliinua mkono, akafungua mdomo, sauti isitoke. Nilipogeuka alikuwa anatafuta pumzi. Nikamkimbilia, na huko juu wakawa wameshafungua minyororo.

"Mmelipotosha," aliniambia alipoweza.

Nilimweleza fundi mkuu wa sasa. Alisema kreni imekodiwa kwa siku hiyo tu, na kutoka barabarani hakuna atakayegundua. Limebaki hivyo. Kurudi ni mwendo wa saa nane. Tulipita Columbus bila kusimama kwa Zita.

Revokatus, asante kwa kila jiwe ulilolikalisha sawa. Lile moja utusamehe. Wastaafu wetu huwa tunawatakia maisha marefu. Wewe, tuliokusikia asubuhi ukipanda ngazi tano za mlango wa karakana, tunakutakia pumzi.

Kostansia, idara ya kukata mawe