Marcella Ayoo na Ubao Uliopakwa Harufu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, maana mvua ya Kericho ikianza kupiga mabati haingoji mtu amalize kusema. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekataa kunyamaza. Jina lake ni Marcella Ayoo. Alikuwa mkaguzi wa mbao kwenye kizuizi cha Merigi, pale malori yanapotelemka kutoka msituni. Narudia: mkaguzi wa mbao. Alituacha mwezi wa pili, mwaka huu wa 1999, akiwa na miaka arobaini na minane.

Marcella alizaliwa katika kambi ya wachuma chai, hapa Kericho. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa. Akiwa na miaka kumi na sita aliajiriwa kufagia unga wa mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo, na huko ndiko alikojifunza miti. Dada yake mdogo, Molly, anakumbuka vizuri. "Jioni alikuwa ananinusisha vidole vyake. Ananiuliza, leo nimeshika mti gani? Nikikosea, chai nangojea."

Basi watu wakamwita Marcella Pua. Yeye hakukasirika. Aliionea fahari pua hiyo, na ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa mwaka wa 1996, mvua za Aprili. Yalikuja malori matatu kwa wiki moja, yote ya mfanyabiashara mmoja. Karatasi zilisema yamebeba saiprasi. Saiprasi ni mti wa kupandwa, na ukiwa na kibali unaruhusiwa kuukata. Podo ni mti wa asili, Wakipsigis wanauita saptet, na huo umekatazwa. Mbao za miti hiyo miwili zinafanana kwa rangi. Tofauti ni kwamba saiprasi inanukia vikali, na podo hainukii kitu. Marcella alinusa, akasikia saiprasi, akatia sahihi. Malori matatu, sahihi tatu.

Siku chache baadaye akaja Chepkirui, mama anayefuga ng'ombe hapo juu Merigi. Saptet za juu ya chemchemi yake zilikuwa zimekatwa, hata mti ule uliobeba mizinga ya nyuki ya mume wake. Wasikilizaji, mnaijua desturi. Mti wenye mzinga una mwenyewe, hata ukiwa katikati ya msitu, na hauguswi kabla hajaitwa. Chepkirui hakuja kulia. Alikuja kuuliza miti yake imepita wapi, kama si hapo kizuizini.

Marcella akaenda moja kwa moja kwenye lori la nne la yule mfanyabiashara, lililokuwa limefika asubuhi hiyo. Akatoa wembe, akakata ncha ya ubao, akailowanisha kwa mate, akaitazama juani. Ubao wa saiprasi huonyesha waziwazi miviringo ya miaka yake. Huu haukuonyesha. Akakwangua ngozi ya juu, harufu yote ikabaki kwenye wembe. Mbao za podo zilikuwa zimesuguliwa kwa unga mbichi wa saiprasi. Sasa alijua sahihi zake tatu zilikuwa zimepitisha nini.

Mkubwa wake, bwana Jonah, hakuwa mtu mbaya. Alimshauri azuie hilo la nne na yale matatu ayasahau. Akisema alikosea, kazi imekwisha, na ana watoto shuleni. Marcella akamsukumia kalamu.

"Bosi, andika. Marcella amekosea mara tatu. Halafu uandike ni nani alimkosesha."

Kikao kiliitwa, kuamua mzigo huo na kazi yake. Wakili wa mfanyabiashara alikuwa na ulimi mtamu. Akasema pua iliyokosea mara tatu haiwezi kushuhudia mara ya nne, na macho nayo ni ndugu wa pua. Kisha akamuuliza, mtu wa ziwa, miti ya huku aliijulia wapi?

"Ziwa nililiona nikiwa na miaka ishirini," Marcella akamwambia. "Mbao nimeshika tangu niko kumi na sita. Uliza ingine."

Kikao kikampa wiki tatu. Lori lifungwe, lilindwe. Asipoleta ushahidi usiotegemea pua wala macho yake, mzigo unarudishiwa mwenyewe, naye anakwenda nyumbani.

Hapo ndipo anapoingia Nelvine, binti yake Chepkirui, aliyekuwa akisoma mambo ya mimea Nairobi. Nelvine aliwaeleza habari ya DNA. Ndani ya kila kiumbe kuna chapa ya ukoo wake, na mti unayo pia. Unaweza kuusugua unga, kuupaka rangi, kuuandikia karatasi ya uongo, chapa haibadiliki. Maabara yao ilikuwa inajifunza kuisoma. Akaomba vipande vyenye ngozi ile ya maji iliyo chini ya gome, na vije vikiwa salama.

Marcella alivikata vizuri, pembeni mwa mbao za lori palipobaki gome kidogo. Kisha, ili visioze, akavining'iniza juu ya jiko, kwenye moshi, pale pale anapoweka mahindi ya mbegu. Nani kati yetu asingefanya hivyo? Moshi unaotutunzia mbegu ndio uliomharibia ushahidi. Maabara haikusoma chochote. Watu wa mfanyabiashara walicheka soko zima la Silibwet, na siku zilizobaki zilikuwa nane.

Alikata vingine siku hiyo hiyo, mlinzi akishuhudia. Mara hii Chepkirui ndiye aliyepata akili. Alikwenda kule wanakopozea maziwa, akaomba barafu, akaijaza kwenye mkebe wake wa maziwa. Ndani wakatia vipande vya lori, vipande vya kisiki cha chemchemi, na majani ya saiprasi ya ua wa shule. Marcella akaupakata mkebe huo mpaka Nairobi.

Majibu yalirudi siku moja kabla ya mwisho. Mti wa lori na kisiki cha chemchemi, ukoo mmoja: podo. Saiprasi, ukoo mwingine kabisa. Mzigo ukataifishwa, na misumeno ikanyamaza juu ya chemchemi ya Chepkirui.

Na Marcella? Alifutwa kazi, wapendwa, kwa zile sahihi tatu. Mimi jambo hilo linaniuma hadi leo. Yeye alisema sahihi ni zake, akachukua wembe wake, akaweka benchi sokoni Silibwet. Kila aliyenunua ubao alipita kwake kwanza. Wenye mbao walimfukuza mara mbili. Mara mbili alirudi na benchi lile lile.

Shinikizo la damu ndilo lililomchukua. Asubuhi ya kumsafirisha akazikwe upande wa ziwa, seremala alileta jeneza. Zuri, linang'aa, akaapa ni saiprasi. Lilinukia saiprasi. Gari linangoja, mchungaji anatazama saa. Chepkirui akafungua mkono, ndani kuna wembe, akampa Molly. Molly akakata ncha, akailowanisha, akaiinua juani. Hakukuwa na mviringo hata mmoja.

"Rudisha," Molly akasema. "Dada yangu haingii ndani ya huu mti."

Mchungaji akafunga kitabu, akakaa kwenye nyasi. Waombolezaji nao wakakaa. Walingoja mpaka alasiri, hadi lilipoletwa jeneza la saiprasi, halijapigwa hata randa vizuri. Molly akalikata pia. Ndipo wakamlaza.

Kwa Molly, kwa watoto wa Marcella, kwa Chepkirui, mama yake Nelvine, na wote wa Merigi na Silibwet, pokeeni pole zetu. Tuko pamoja nanyi. Nanyi mnaonisikiliza, hebu tazameni meza mliyoegemea, mlango mliofunga, kitanda mtakacholalia. Mnajua ni mti gani? Mlimuuliza nani? Wembe uko dukani, mate unayo mdomoni, na jua la Mungu halina mwenyewe. Kata ncha, ilowanishe, itazame. Na ukigundua kwamba ulishatia sahihi, sema.