Uvimbe Ulioitwa Mpole

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Itto, mvunaji zeituni wa milima ya Zerhuni hapa Moroko. Itto alifariki Jumanne. Na nyumbani kwake bado watu wanaulizana: hivi ilikuwaje?

Itto alikuwa mtu wa masihara. Akiwa juu ya ngazi na fimbo yake, alimwambia mwanawe Moha aliye chini: "Inama, baba, hizo zeituni hazitakurukia kapuni."

Msimu uliopita alipapasa kitu kigumu titini. Hakikuuma. Akadhani jipu. Daktari akachukua nyama kidogo kwa sindano, ikapimwa. Majibu yalipotoka, aliitwa Moha, mtoto mkubwa wa kiume, akaelezwa mlangoni. Ndiyo desturi yetu. Moha akarudi ndani anatabasamu.

"Ni uvimbe mpole tu, yemma, mama yangu. Ila wataukata."

"Mpole, halafu unakatwa?"

"Ndiyo, mama."

Itto hakuelewa. Mizeituni nayo huota vifundo matawini. Kifundo kisicho na neno mkulima hukiacha, maana kisu kinaweza kupeleka maradhi tawi jingine. "Kitu kimelala zake," akamwambia bintiye Tuda, "mnakiamshia nini? Tena Moha, asiyeweza kuchinja hata kuku, ndiye anipangie kisu."

Tuda akacheka. Lakini yeye alijua, Moha alimnong'oneza ukweli. Ila jina la ugonjwa ule kwetu halitajwi mbele ya mgonjwa.

Wakambembeleza majira yote ya baridi. Akakataa. Ni mpole, alisema, si mmesema wenyewe?

Mlozi ulipochanua, baridi ikiisha, na kwapani kukavimba. Tuda akarudi kwa daktari, kichwa kimemvurugika kwa maneno ya mama yake juu ya vifundo. Daktari akamwambia: uvimbe si ugonjwa mmoja. Kuna ule mpole, unaokua palepale ulipo. Kuna saratani, inayopenya nyama ya jirani na kusafiri mwilini. Wa mama yako ni saratani, tangu mwanzo. Na mwili si mti. Kuukata mapema ndiyo ilikuwa tiba.

Tuda akakaa kando ya mama yake. "Mama, si mpole. Ni saratani."

Itto akajishika kwapani. "Kifundo kibaya nakijua," akasema. "Kisu unakipitisha motoni, unakata siku hiyohiyo. Mngeniambia tu, binti yangu."

Alipasuliwa wiki ile. Lakini saratani ilikwisha kusafiri.

Moha nilimkuta mazikoni, fimbo ya mama yake mkononi. "Nilitaka alale usingizi bila hofu," aliniambia. "Sijui sasa. Labda angepona. Labda asingepona. Sijui kabisa."

Nami sijui, wasikilizaji wapendwa. Moha, Tuda, poleni sana. Mola amlaze Itto pema. Nasi tuliobaki tujiulize: siku majibu yakitoka, nani ataitwa mlangoni, na nani ataachwa ndani akingoja tabasamu?