Kidole cha Debora

Mwaka wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kufika Mtama, Kidawa alipanda lori lao kwenda Lindi, akaketi juu ya magunia kati ya Wakristo wawili wasiojuana.

"Kila asubuhi nafumba macho, nafungua Biblia, naweka kidole," Debora alimweleza mzee Sipriani, msomaji wa kanisani. "Leo kimeangukia Ibrahimu anaambiwa ahame. Basi nimemwacha mume wangu."

"Mwanangu, mimi ni msomaji wa miaka mingi. Maandiko husomwa kanisani, kwa kalenda ya kanisa!"

"Na nyumbani unasoma nini, baba?"

Sipriani akakohoa. "Biblia ni ya parokia. Inafungiwa kabatini."

"Miaka yote unawasomea wenzio, kwako hujafungua hata ukurasa!"

Kidawa alificha kicheko ndani ya kanga, lakini akamwonea huruma yule mume.

"Samahani, dada," akasema. "Hata sisi Waislamu tunamjua Ibrahimu. Si alihama na mkewe?"

Debora akatoa Biblia yake, akaifungua, safari hii macho wazi, akaanza kusoma taratibu.

"Hebu isogeze na mimi nione," akasema Sipriani.

Lori likasimama Lindi. Utingo akapiga kelele watu washuke. Kidawa alishuka peke yake. Wale wawili walikuwa bado wanabishana ukurasa wa Ibrahimu na mkewe ulipo.