Jogoo wa Madoadoa na Kiatu cha Kocha

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemezwa kwenye kibanda cha fundi viatu, na ukitaka kuinuka na suruali nzima, uliza kwanza misumari iko upande gani. Mwenye kibanda ni Gundi. Soli aliyoibandika Gundi, miguu yako itazeeka kwanza ndipo yenyewe ichoke. Anayebisha ni yule ambaye hajawahi kuvaa viatu. Lakini asubuhi hiyo hakuwa na nafasi ya kujisifu. Mbele yake palikuwa na tenga, na ndani ya tenga majogoo wawili walioachwa na muuza kuku: mmoja mwekundu, mrefu, kifua mbele kama kapewa cheo jana, wa pili wa madoadoa, mnene, ametulia. Muuza kuku angerudi kumchukua atakayekataliwa. Jogoo wa kwanza wa Gundi alishaishia sufuriani, baada ya kumrukia binti yake mdogo aliyekuwa amechuchumaa akichezea udongo, akamchana shavu chini kidogo ya jicho. Mkewe hakupiga kelele. Alisema tu: mitetea wanahitaji jogoo, haya, lete wa mwisho, huyo naye akimgusa mwanangu, nauza kuku wote na banda nalivunja mwenyewe. Na banda hilo Gundi alilijenga mtaa mzima ukimcheka.

— Chukua mwekundu, alisema Kocha. Huyu bwana alifundisha timu ya mtaa msimu mmoja. Timu ilikufa, jina likabaki. Kiatu chake cha kulia kilikuwa mapajani kwa Gundi kikisubiri kiraka, na mguu wake mtupu ulikuwa juu ya kipande cha boksi.

— Natafuta mpole, Kocha. Nina watoto wadogo.

— Mpole! Kwani unaoza binti? Unatafuta jogoo!

— Natafuta jogoo mpole. Sibadilishi neno.

Redio, mpaka rangi ambaye hajawahi kuzimwa tangu azaliwe, alikunywa funda la kahawa kwa kelele.

— Mnabishana bure. Upole uko kichwani. Kile kilemba chekundu kikilalia kulia, ana huruma. Kikilalia kushoto, ana visasi.

— Na kikisimama wima? aliuliza Gundi.

— Huyo bado anafikiria.

— Nani kakwambia?

— Nimepaka rangi nyumba ya daktari wa mifugo.

— Uongo! alidakia Kocha. Upole uko kwenye sauti. Anayewika kifupi ana hasira, hataki kupoteza muda. Anayewika kirefu ni mtu wa watu.

Mama Birika, muuza kahawa wa kijiwe, alicheka hadi vikombe vikagongana.

— Jogoo hufanana na baba mwenye nyumba. Shemeji yetu Gundi atafutiwe jogoo anayeogopa mke.

— Siogopi mtu! alifoka Gundi kwa sauti ya chini.

— Basi mbona umenong'ona?

Redio hakukubali kuachwa nyuma.

— Baba yangu mdogo alikuwa na jogoo mpole mpaka analalia mayai. Mtoto akilia, jogoo anatikisa kitanda kwa bawa. Mama anakwenda sokoni, hana wasiwasi.

— Na uji alikuwa anakoroga?

— Uji hapana. Manyoya yangeungua. Kuwa na akili, Kocha!

Gundi aliwaacha. Alimega mkate wake, akafungua tenga, akarusha vipande chini. Mwekundu alivimeza mbio mbio huku akitazama huku na huku kama mwizi. Wa madoadoa aliokota kipande, akakiachia, akaokota tena, akatoa mlio laini kooni, ule wa kuwaita mitetea waje kula. Mitetea wawili wakatoka kweli nyuma ya kibanda, maana nyumba ya Gundi iko hapo hapo nyuma na kuku wake hupita kati ya miguu ya wanabenchi kila siku. Jogoo akawaachia mkate. Gundi akamkumbatia. Jogoo akakaa kwapani kimya, akipepesa macho.

— Huyu, alisema Gundi. Nimemaliza.

Benchi zima likalipuka.

— Huyo ni mto wa kulalia!

— Hata panya atamwamrisha!

— Semeni mpaka jioni. Nyumba yangu, watoto wangu, jogoo wangu.

— Hajapimwa! Kocha aliruka. Mweke chini nimpime upole wake.

Gundi alimweka chini, kwa ubishi tu, ili wamwone. Kocha akanyoosha mguu wenye kiatu, akachezesha ncha yake mbele ya kifua cha jogoo. Pa! Jogoo akarudi nyuma. Pa! Akarudi tena. Mara ya tatu akasimama, manyoya ya shingo yakamsimama kama mwavuli unaofunguka.

— Ehee! alipiga makofi Redio. Anacho! Marehemu wa sufuriani naye alianza hivi hivi!

Wote walikuwa wakicheka, na Gundi mwenyewe midomo ilishaanza kumcheza, pale sauti ilipotoka nyuma yao. Alikuwa mdogo wa mkewe, aliyefika jana yake kusaidia watoto. Alikuwa ametumwa kumwona jogoo kabla hajaingizwa nyumbani.

— Samahani, shemeji. Yule aliyemchana mtoto, kurukia miguu alifundishwa na nani?

Kocha akarudisha mguu chini ya benchi. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mtu. Likatoa tone moja, basi.

Gundi alitazama kiatu mapajani mwake. Ncha ilikuwa na matundu madogo, makavu, matundu ya kucha za kuku. Alishayaziba mara nyingi, na kila mara alicheka na mwenye kiatu. Ncha ya kiatu hicho ikiinuliwa inafika mahali panapofika uso wa mtoto aliyechuchumaa.

Akakiweka miguuni kwa Kocha.

— Hujaziba, fundi.

— Na sizibi.

— Unanikosesha kiatu kwa sababu ya kuku?

— Tafuta fundi mwingine. Na anayetaka kupima upole wa jogoo huyu, akamwombe ruhusa mke wangu. Geti liko wazi. Aingie peku.

Hakuna aliyeinuka. Gundi akamchukua jogoo wake kwapani, akampisha shemeji atangulie, akamfuata.

— Mwekundu je? aliita Redio.

— Mrudisheni ndani ya tenga, alijibu Gundi bila kugeuka. Na yeye msimfundishe kitu.