Mkono wa Mama Goodness

Masele alikuwa amemkosea mkewe, na asubuhi hiyo aliamua kulisema jambo lenyewe mbele ya wenzake, maana kulisema kwa Mungu peke yake hakukumtua mzigo. Benchi la kahawa nyuma ya stendi ya Bariadi lilikuwa na watu wake wa kila siku: Salvatory, aliyeitwa Wizara kwa kuwa hakuna ugonjwa asioutolea tamko, Januarius, fundi wa majembe ya ng'ombe, yaani Injinia, na Dastan mwenye birika. Masele mwenyewe walimwita Ushuhuda, tangu Jumapili ile aliposimama kanisani akatangaza kuwa mkewe Nyanjige, aliyekatwa titi kwa saratani, amepona kabisa. Jina hilo alilipenda. Siku hizi lilimchoma.

— Nilimwambia aache vidonge, Masele alisema.

— Vidonge gani? Dastan aliuliza huku akimimina.

— Vile vya hospitali. Kimoja kila siku, miaka mitano. Nikamwambia, mama Goodness, tumeshashukuru mbele ya kanisa, ukiendelea kumeza watu watasema nilidanganya. Akaviweka juu ya kabati. Miezi saba sasa. Na mkono wa upande ule umevimba, hata pete haiingii.

— Ngosha, mwanamume wewe, hapo umeharibu, Injinia alimwambia.

— Najua.

— Tulieni, Wizara akaingilia. Mkono unavimba kwa sababu anaulalia. Alale kulia, basi, imeisha hiyo.

— Wizara, unazingua! Injinia alisema. Hiyo ni mizani. Titi la kushoto halipo. Damu iliyokuwa inakwenda pale, sasa inakwenda wapi? Mkononi! Mimi ningemfungia uzito kidogo, kama jembe linaloinamia upande mmoja. Nati ninazo karakana.

— Umfungie mke wa mtu nati? Dastan alicheka hadi birika likatikisika.

— Simu! Wizara akapiga paja. Simu anaiweka wapi? Kwenye sidiria, upande ulio wazi. Mnara unavuta mkono! Ahamie Kimali, kule mpaka upande juu ya kichuguu ndiyo upate mtandao. Mkono utapumzika.

— Na pamba ya Ushuhuda nani atachuma? Dastan aliuliza.

— Si ana mkono mwingine!

Masele hakucheka. Jana alimwona Nyanjige akitoka kisimani na ndoo kwa mkono ule ule, amekaza meno. Hakumpokea. Angempokea, angelazimika kuuliza unaumaje.

— Basi tuunde kamati ya huyu mama, Wizara alisema. Tukae Alhamisi.

— Alhamisi ni josho, Injinia alikumbusha.

— Ijumaa?

— Ijumaa ng'ombe wangu wanachanjwa, Masele alisema.

Mwishoni mwa benchi alikaa mwanamke aliyekuwa akisubiri basi la Malampaka. Kikombe chake alikuwa amekinywa kimyakimya. Sasa alikiweka chini.

— Mwangaluka, akawasalimu kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, walijibu kwa pamoja, wakijiweka sawa.

— Naitwa Mektilda. Mnisamehe kuingilia. Na mimi nilikatwa, huu ni mwaka wa tisa.

Alipandisha mkono wa gauni. Wakaona soksi ngumu ya kuzuia uvimbe iliyombana kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko.

— Mkono ni jambo moja, vidonge ni jingine, na yote mawili yanataka hospitali. Mizigo mizito mpokeeni kuanzia leo. Lakini niwaulize: tarehe yake ya kurudi kliniki ni lini?

Wizara alimtazama Injinia. Injinia akatazama ndani ya kikombe. Kisha wote wakamgeukia Masele, ambaye siku ya chanjo ya ng'ombe wake alikuwa ameitaja bila hata kufikiri. Alijua kadi ya kliniki ipo. Siku za kliniki alikuwa anamfikisha mkewe stendi, anamwombea safari njema, anarudi zake.

— Sijui, mayu. Ile kadi sijawahi kuifungua.

— Yeye anajua, Mektilda alisema taratibu. Tarehe hizo sisi hatuzisahau, baba. Hata tukikatazwa.

Masele alisimama, akavua kofia.

— Basi lako bado saa nzima, na kwangu si mbali. Nakuomba twende, umtazame mkono. Halafu ukae hapohapo wakati namwomba msamaha, nisije nikaugeuza mahubiri.