Kyalo Muthama na Ua Lililochanua Chini ya Mulika Mwizi

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, majirani wa hapa Makadara, jamaa mliotoka Mbooni alfajiri na wakwe zetu mliosafiri kutoka Bungoma, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Kisilu Muthama, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yangu, nami nimewaambia mapema kwamba sitayasoma kwa sauti ya chini, kwa sababu Kyalo hakuwa mtu wa sauti ya chini, na nyinyi mliokuwa hapa mwezi wa Aprili mnajua ninasema nini.

Marehemu Kyalo Muthama alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961, kando ya njia kule Mbooni, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Muthama Ndete, mchonga vinyago, na marehemu mama yetu, Wavinya, ambaye alikuwa anatoka sokoni na kiondo chake mgongoni uchungu ulipomshika, ndiyo sababu mtoto akaitwa Kyalo, ambalo kwetu Ukambani maana yake ni safari. Mama alizoea kutuambia kwamba huyo alizaliwa na haraka, na haraka hiyo haikumtoka hata alipopata mvi.

Alianza masomo mwaka wa 1968 katika shule ya msingi ya kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1974, kisha baba akamleta Nairobi, tukaishi sote chumba kimoja hapa Makadara, naye akasoma sekondari hadi kidato cha nne mwaka wa 1978. Jioni alimsaidia baba kupiga msasa na kupaka rangi vinyago, akajifunza kushika brashi ndogo bila mkono kutetemeka, baba akaona amepata mrithi wa patasi, kumbe wapi, kijana alikuwa na yake moyoni. Mwaka wa 1982 alihitimu cheti cha kilimo cha bustani, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa katika shamba moja la maua upande wa Thika, ambako alipanda cheo hadi akawa msimamizi wa kitalu, na akastaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2016.

Ua lililomteka ni krisanthemamu, lile la petali nyembamba nyingi zilizobanana, na kilichomuudhi, maana ndugu yangu alikuwa mwepesi wa kuudhika, ni kwamba yote aliyoyakuza shambani yalikuwa ya watu wenye bustani na madirisha mapana, ilhali yeye na majirani zake walikuwa na kibaraza kimoja wanachogawana na jiko la makaa na kamba za nguo. Aliapa kwamba atatafuta aina mpya, ua fupi, nene, la kukaa kwenye mkebe dirishani, lenye kuchanua hapa hapa Eastlands bila kubembelezwa, na tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa takatifu na Nerima, binti wa Mzee Opicho wa Bungoma, aliyekuwa akishona nguo kiwandani Industrial Area. Alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe alibeba sukari, blanketi na chungu cha maua, mzee akalizunguka lile ua mara kadhaa, akauliza kwa upole kama linaliwa, alipoambiwa haliliwi akamtazama binti yake kwa huruma, lakini hakukataa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Wavinya mwaka wa 1991, Muthama mwaka wa 1994 na Triza mwaka wa 1999, wote mnawaona hapa mbele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana bila hili hamtamwelewa. Mbegu za krisanthemamu ni kama watoto wa tumbo moja, hakuna wawili wa sura moja, lakini ukikata kijiti cha mche na kukichomeka udongoni, atakayeota ni yule yule. Basi Kyalo alichukua brashi ya baba, akachota chavua, ule unga wa ua, kutoka ua moja akapaka jingine, akangoja mbegu, akapanda kwenye mikebe, akachagua mche mmoja au miwili ya kuendelea nayo, na mingine yote akaigawa, kwa sababu hakuwa na roho ya kutupa kitu chenye mizizi. Ndiyo maana huu mtaa hauna dirisha lisilo na mkebe wake, na vijana wakampa jina la Buda Maua, yaani Mzee Maua, akipita tu ni salamu za niaje Buda Maua kila kona, naye akijidai amekasirika.

Mwezi wa Septemba 2013 tukawekewa mulika mwizi, ule mlingoti mrefu wa taa pale uwanjani, wezi wakahama, akina mama wakaanza kuuza vyakula hadi saa nne, mtaa ukashangilia, na aliyeshangilia kuliko wote ni Kyalo, masikini, hajui kinachomngoja. Mikebe yake ikaacha kuchanua. Ikawa majani, majani, majani, akalaumu udongo, akalaumu maji ya mfereji, akalaumu samadi ya sungura, akalaumu hata kuku wa Shitanda, mwenyekiti wetu wa mtaa, wale kuku wakafungiwa ndani bila kosa. Na jamani, mtu huyu kule shambani kazi yake ilikuwa kuwasha taa usiku ili maua yasichanue kabla ya siku yake, kwa sababu ua hilo linataka giza refu ndipo litoe vichwa! Mganga hajigangi. Ilimchukua miezi, na hata hivyo si yeye aliyegundua, ni mke wake Nerima, Mama Wavinya, aliyekuwa akianua nguo jioni moja akamuuliza, “Baba Wavinya, kwani haya maua yako yatalala saa ngapi na taa yote hii?” Kyalo akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kuanzia hapo, kila jioni alifunika mikebe kwa vitambaa vyeusi na asubuhi akaifunua. Mkamba, vitambaa vyeusi, vyungu vimepangwa ukutani, kila jua likitua, hebu niambieni nyinyi wenyewe mtaa ungesema nini? Ulisema ni uchawi. Mtoto akikohoa ni vyungu vya Kyalo, timu ya mtaa ikifungwa ni vyungu vya Kyalo, mpaka Jumapili ya tarehe 9 Machi 2014 Shitanda akaita kikao, ndugu yangu akaamriwa afunue mbele ya watu, naye kwa hasira zake akafunua kimoja baada ya kingine, na ndani yake ni maua matupu, meupe, ya zambarau, ya manjano, yamechanua kama siku ya arusi. Mama mmoja akauliza kama anaweza kupewa la zambarau. Shitanda, inua uso, ndugu yangu, hayo yaliisha na tulikunywa chai.

Lakini moyo wa Kyalo haukutulia, kwa sababu alisema ua la kuvishwa nguo kila jioni si ua la watu wa huku, nani ana nafasi hiyo, yeye alitaka ua litakalochanua taa ikiwaka na taa ikizimika. Wenzake wa kitalu walimwambia tabia hiyo ipo lakini ni adimu, anaweza kuchavusha hadi kaburini asiipate, naye akawajibu kwamba basi ataendelea kaburini.

Ndipo ikafika Juni 2019. Tunamfahamu sote Bi Qamar, aliyezaliwa Majengo kule Pumwani na anayetuuzia viazi karai, vile vya kuchovywa unga wa manjano na kukaangwa, chini kabisa ya mulika mwizi. Miezi michache kabla, Kyalo alikuwa amempa mche mmoja aliouona kibeti, tena wenye shingo iliyopinda, mche aliokwisha kuukataa, naye akauweka mezani kando ya karai la mafuta, mahali ambapo giza halijafika tangu 2013. Asubuhi moja akaja kugonga mlango kwa ngumi mbili akipiga kelele, “Baba Wavinya, toka uone! Hili ua lako halina adabu, taa inaliwakia usiku kucha nalo linatoa maua tu!” Ndugu yangu alitoka na kandambili moja mguuni, mswaki mdomoni, akavuka uwanja mbio, akapiga magoti mbele ya meza ya viazi, na lile ua alilolikataa yeye mwenyewe lilikuwa limejaa vichwa, vyote vya rangi ile ile ya kiazi karai kikitoka mafutani. Alimkumbatia Bi Qamar hadharani, astaghfirullah, mama wa watu akabaki kushangaa. Alipotulia akaomba arudishiwe mche wake, Bi Qamar akasema kilichotolewa hakirudi, akate vijiti atakavyo lakini mama yao anabaki mezani. Akakata.

Vile vijiti vilichanua, na vijiti vya vijiti vikachanua, Makadara, Mathare na Pumwani, kwenye madirisha yanayotazama taa na yasiyotazama, na mwaka wa 2022 akaomba lisajiliwe kuwa aina mpya. Hapo ndipo roho yake yote ilipokaa. Ugonjwa wa sukari aliokuwa nao tangu 2015 ulishaanza kula figo, mnamo Agosti 2023 akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, naye akatuambia waziwazi kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa ua lake likiitwa bahati ya muuza viazi. Wakaguzi wa usajili walitaka kuliona likikua pamoja na krisanthemamu za kawaida chini ya taa ile ile, ili la kwake lichanue na yale mengine yabaki majani, na ukaguzi ukapangwa Aprili mwaka huu wa 2025.

Mwezi wa Februari, mikebe imeshapangwa uwanjani, mulika mwizi ukazimika. Watu wakaogopa wezi, Kyalo akaogopa giza, kwa sababu giza likiingia, maua yote yatachanua, la kwake na yale ya kawaida, na hakutakuwa na cha kuonyesha. Alitoka hospitali amechoka hata kunyanyua kikombe, akaketi mlangoni akitazama ule mlingoti, mtu aliyewahi kuufunikia maua yake sasa anauombea uwake, akamwambia Mama Wavinya, “Nimekwisha.” Mama Wavinya akamwambia anyamaze, akajifunga leso kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa Shitanda.

Na sasa ninyi wenyewe ndio mashahidi. Jioni ile Shitanda, huyo huyo wa kikao cha vyungu, alipita mlango kwa mlango, kila nyumba ikatoa waya, kila nyumba ikatoa balbu, vijana wakapanda mapaa, na kabla ya watoto kulala ile mikebe ilikuwa inawaka kuliko siku za mulika mwizi wenyewe. Mlipokezana kuilinda mpaka taa ya mlingoti ikarekebishwa, kwa umeme, stima ya nyumba zenu wenyewe, na hakuna aliyelalamika. Kyalo alitutazama kutoka mlangoni, akalia bila kuficha, akasema hajui ameoa mwanamke mmoja au mtaa mzima.

Tarehe 16 Aprili wakaguzi walikuja, tukamleta kwa kiti cha magurudumu, na pale uwanjani krisanthemamu za kawaida zilikuwa zimesimama majani matupu, na kati yake lile la Kyalo, fupi, nene, linawaka rangi ya viazi karai kuanzia mkebe wa kwanza hadi wa mwisho. Waligusa, wakapima, wakanong'onezana, wakarudia, kisha kiongozi wao akamwinamia akamshika mkono na kumwambia kwamba ameridhika, hii ni aina mpya. Eh, kelele zile! Bi Qamar alipiga vigelegele, viazi vikaungua, na hakuna aliyejali.

Hali yake ilibadilika wiki iliyofuata, akalazwa tarehe 25, na siku ya Ijumaa tarehe 2 Mei 2025, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Nerima, marehemu alivuta pumzi ya mwisho akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wa chumba cha kusafisha damu, waliovumilia mikebe dirishani kwao, inawashukuru wenzake wa kitalu, wakaguzi, kanisa, wakwe zetu, mwenyekiti Shitanda, na kila nyumba iliyotoa balbu. Tuliwaomba msilete mashada, nanyi mkatii, na mlangoni Triza atampa kila mmoja kijiti cha kwenda kuchomeka kwake. Bi Qamar, aliyekataa kuutoa ule mche mama kwa miaka sita, leo asubuhi ameubeba kwa mikono yake akauweka hapo juu ya jeneza, akasema uende na mwenyewe kaburini Mbooni.

Limebaki jina. Wakaguzi waliuliza ua liandikwe nani, wengi wetu tukadhani ataliita Nerima, lakini alimwambia Triza neno moja na kutukataza kulisema mpaka leo, na neno hilo limetoka kwenye lile swali la mke wake siku alipokuwa akianua nguo. Mama Wavinya, ua lenu linaitwa Halilali.

Basi wewe lala, kaka yangu, weka haraka zako chini, taa tutaiangalia sisi. Ua lako halilali. Pumzika kwa amani.