Lisiate Moala na Ubao wa Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwe nanyi. Leo tunamkumbuka Lisiate Moala, fundi wa mbao wa Neiafu, tuliyemzika Jumatano. Lisiate alitengeneza mbao za kukatia nyama. Nusu ya majiko ya visiwa vyetu vya Vava'u yanazo.

Ubao wake wa kwanza alimpa dada yake mkubwa, Latai. Mti mzuri wa feta'u, laini kama shavu. Akaupaka mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, yale tunayojipaka wenyewe siku ya harusi.

Jumapili, nguruwe akakatwa juu yake. Nyama ikanukia harusi.

Latai hakusema neno. Kwetu dada na kaka huheshimiana, hawataniani wala hawalaumiani ana kwa ana, mnajua. Akaufunga ubao kwa nguo ya gome, akaurudisha. Kwa Lisiate hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Zawadi yake imekataliwa na dada.

Mkewe, Seini, ndiye aliyesema. "Baba Sela, nguruwe wako kaoga vizuri kuliko wewe."

Akajaribu mafuta ya nazi matupu. Yakachacha. Akajaribu vanishi. Kisu kikaibandua, vipande vikaingia kwenye viazi.

"Sasa tunakula na kabati," Seini akasema.

Mwisho akaenda famasi. Akanunua mafuta meupe yasiyo na harufu, wanayokunywa waliofunga choo.

"Unataka dada yako akae chooni?"

"Tone halimtoi mtu mezani, mama. Tulia."

Akayapasha polepole pamoja na nta ya nyuki, akausugua ubao, akauacha ulale, akaupangusa. Akakatia papai, akalila kesho yake. Papai lilikuwa papai. Ndipo akaupeleka tena kwa Latai.

Jumapili ikafika. Mchana, mtoto wa Latai akaleta sinia: nyama imeshakatwa juu ya ubao ule, vipande sawasawa. Lisiate akanusa, akala, akaenda nyuma ya nyumba. Seini anasema alirudi na macho mekundu, akaomba nyama tena.

Jana nilimuuliza Latai kuhusu ubao ule.

"Nautumia mpaka leo," alisema. "Ni mzuri. Sikuwahi kumwambia."

Seini, Sela, Mama Latai, poleni sana. Mungu awafariji.

Nasi wengine, wapendwa, heshima isitufunge midomo kabisa. Seini alikuwa pale jirani siku zote. Latai angeweza kumtuma Seini amwambie kaka yake kwamba ubao ni mzuri.